Maswali ya Ukoo: "Nyumba Hii Ndiyo Iliyomtoa Kiprugut"

SWALI

Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mzaliwa wa Changamwe, Mombasa. Baba yangu ni Mtaita na mama ni Mkipsigis wa Kericho. Desemba tulikwenda kumzika mjomba wangu, kaka yake mama. Wakati wa wazee kusema ulipofika, mzee mmoja alishika maikrofoni akasema, "Msiione nyumba hii ndogo. Nyumba hii ndiyo iliyomtoa Kiprugut." Watu wakatikisa vichwa kukubali, mimi nikabaki kuwatazama. Kuuliza, naambiwa ni yule mkimbiaji, Mkenya wa kwanza kupata medali ya Olimpiki. Maisha yangu yote sikuwahi kusikia kwamba tuna mtu kama huyo.

Niliporudi nilitafuta. Kwenye matokeo ya zamani ameandikwa Wilson Kiprugut Chuma. Kitambulisho cha babu yake mama, yaani baba wa babu yangu, mama amekiweka ndani ya Biblia. Jina la mwisho ni arap Chumo na mwaka wa kuzaliwa ni 1911. Je, Chuma na Chumo ni jina moja? Na hilo linatosha kusema sisi ni ndugu zake? Mama hataki niulize, anasema watu watafikiri tunatafuta shamba. Kogo, nyanya yangu mzaa mama, yuko hai ila masikio yamemlegea. Tena binti yangu wa gredi ya sita anakimbia mita 800, na keshawatangazia wenzake shuleni kwamba mbio ziko damuni.

*Mama Wawili, Changamwe*

JIBU

Marahaba mwanangu, na poleni kwa msiba.

Nilifundisha historia katika shule za huko kwa mama yako hadi nilipostaafu, na msimu wa riadha ukifika walikuwa wakinikalisha kwenye meza ya matokeo, saa mkononi na kalamu sikioni. Pale mezani kila mtoto aliyeshinda alikuwa na baba mdogo aliyewahi kukimbia Ulaya. Wengine ilikuwa kweli. Kwa hiyo barua yako sikuicheka, ila sikuimeza pia.

Kwanza huyo mzee mwenyewe, maana vijana wa siku hizi ukiwatajia mbio za zamani wanarukia kwa Keino moja kwa moja. Kiprugut alizaliwa Kericho mwaka 1938. Tarehe 16 Oktoba 1964, Kenya ikiwa na miezi kumi tu ya uhuru, alisimama kwenye fainali ya mita 800 mjini Tokyo. Peter Snell wa New Zealand alishinda kwa dakika 1 na sekunde 45.1, Bill Crothers wa Kanada akawa wa pili, Kiprugut wa tatu kwa 1:45.9. George Kerr wa Jamaika alipewa muda huohuo wa 1:45.9 akaambulia nafasi ya nne. Medali ya kwanza ya Kenya katika Olimpiki ilipatikana kwa upana wa kifua. Miaka minne baadaye, Mexico City, Kiprugut aliongoza mbio hizohizo mpaka kwenye mnyoosho wa mwisho, ndipo Mwaustralia Ralph Doubell alipompita na kuifikia rekodi ya dunia. Akarudi na fedha. Alifariki Novemba 2022. Mtu wa namna hiyo kila boma lingependa kuwa naye, na hapo ndipo kazi yetu inapoanza.

Kuhusu Chuma na Chumo, hilo lisikunyime usingizi. Ni jina moja. Magazeti yetu mengi huandika Chumo, matokeo ya kimataifa yakabaki na Chuma. Aliyejaza fomu alisikia anavyosikia, akaandika, na fomu ikasafiri hadi Tokyo. Nimeona ndugu wa tumbo moja, mmoja kitambulisho chake kina Chumo na mwingine Chuma, na wote wawili wanakula sahani moja.

Ila jina kufanana ni jambo moja na undugu ni jambo jingine. Fikiri arap inafanya kazi gani. Inakuambia baba ya mtu ni nani, basi. Kijana akishatoka jandoni alikuwa anaitwa arap fulani, yaani mwana wa fulani, na mwanawe yeye angeitwa arap jina jingine kabisa. Halikuwa jina la ukoo la kurithishana. Mambo yaligandishwa na vipande, yaani vitambulisho vya wakoloni, kuanzia mwaka 1920, kisha madaftari ya shule na mishahara, pale karani alipotaka kila mtu awe na jina la mwisho lisilobadilika.

Sasa tumia hilo kwenye kitambulisho chako. Kama babu yake mama ni arap Chumo, na Kiprugut naye ni arap Chumo, na Chumo huyo ni mmoja, basi hao wawili ni watoto wa baba mmoja. Si binamu wala watu wa mbali. Tazama miaka: 1911 na 1938, tofauti ya miaka 27. Kwa mke mmoja ni vigumu, kwa mzee mwenye wake wawili au watatu ni jambo la kawaida kabisa. Lakini hebu shuka kizazi kimoja. Babu yako mzaa mama angekuwa karibu umri mmoja na Kiprugut, huku Kiprugut akiwa baba yake mdogo. Watoto wawili wanachunga ndama pamoja, mmoja anamwita mwenzake baba! Watu hawasahau kitu kama hicho, mwanangu. Kingekuwa utani wa kila sherehe, nawe ungeusikia kabla hujaota meno. Kama hujawahi kuusikia, nina wasiwasi kwamba Chumo ni wawili.

Tena Chumo si jina la watu peke yao. Ni jina la rika pia, moja katika mzunguko wa Maina, Chumo, Sawe na mengineyo. Wako kila kona. Na Kiprugut ni jina la mtoto aliyezaliwa wakati wa njaa, na njaa haikupiga boma moja.

Upande wa pili wa shilingi ni huu: ndugu halisi wanaweza wasifanane jina hata herufi. Richard Chelimo alipata fedha ya mita 10,000 Barcelona mwaka 1992. Mdogo wake, Ismael Kirui, alikuwa bingwa wa dunia wa mita 5,000 mwaka 1993 na tena 1995. Binamu yao ni Moses Kiptanui, aliyekuwa mtu wa kwanza kukimbia mita 3,000 kuruka viunzi na maji chini ya dakika nane, 7:59.18, mjini Zürich mwaka 1995. Chelimo, Kirui, Kiptanui. Mtu anayetafuta ukoo kwa majina ya mwisho angewapita wote watatu bila kuwasalimu.

Kwa hiyo usianze kwa Kiprugut ukashuka kumtafuta babu yako. Anza na wewe, panda kwa mama, panda kwa babu, panda kwa huyo wa 1911, ngazi moja moja, na usihame ngazi kabla haijashikwa na angalau watu wawili ambao hawakukaa pamoja wakapanga maneno. Ukifika kwa Chumo, ndipo ugeuke utazame pembeni ni watoto gani wengine waliozaliwa pale. Ukianza na nyota, kila njia itakupeleka kwake, kwa sababu umeshaamua unataka kufika wapi.

Maswali ya kumuuliza Kogo nitakupa, lakini usimuulize la Kiprugut kwanza. Mzee ukimtajia jina kubwa atakubali tu, akufurahishe au akupe ruhusa uende zako. Muulize oret yao ni ipi, yaani ukoo wa mumewe, na mnyama wake ni nani. Wengine ni wa simba, wengine fisi, wengine nyuki. Hilo hakuna mwanamke wa rika lake asiyelijua, kwa sababu watu wa oret moja hawaoani, na kabla hajaolewa wazee walikaa kwenye koito, yaani kikao cha kupanga ndoa, wakazitaja oret za pande zote mbili mbele ya mashahidi. Kisha mtafute mtu mwingine kabisa, asiye wa boma lenu, umuulize oret ya Kiprugut. Zikitofautiana, kwa upande wa baba habari imekwisha hapohapo, na umeokoa nauli. Zikilingana, bado hujathibitisha kitu, kwani oret moja ina maelfu ya watu, lakini mlango haujafungwa.

Halafu muulize habari za majina ya kurenet. Wewe umelelewa pwani, pengine hukuyaona haya. Mtoto akizaliwa, akina mama wazee humkalia wakawa wanataja majina ya wahenga wa upande wa baba, moja baada ya jingine, na ugoro kidogo karibu na pua. Jina litakalotajwa mtoto akapiga chafya, ndilo lake. Mhenga huyo amerudi. Jina hilo haliandikwi kwenye cheti chochote, lakini akina nyanya wanalikumbuka kuliko tarehe ya kuzaliwa. Ukipata majina ya kurenet ya watoto wote wa boma lile, umepata orodha ya wafu wao. Ikiwa boma lenu na boma jingine wanawarudisha wahenga walewale, hapo nitakaa vizuri kwenye kiti nikusikilize.

Kwa masikio ya Kogo, usipige kelele. Kaa upande anaosikia, mtume mkaza mwanawe anayeishi naye ndiye aulize, yeye sauti yake ameizoea. Uliza asubuhi. Na uliza juu ya shughuli, si juu ya watu: "Baba mkwe alipozikwa, nani alikuja kutoka mbali? Binti zake walipoolewa, ng'ombe waligawiwa nani?" Ndugu anajulikana kwa fungu lake. Kaka wa baba hapewi fungu la mahari kwa bahati tu, wala hakosi kuitwa.

Yule mzee wa maikrofoni pia mrudie, kwa adabu, na umuulize alikusudia nyumba ipi. Kwenye boma la wake wengi kila mke ana nyumba yake. Mtu akisema "nyumba hii" anaweza kumaanisha watoto wa mama mmoja, anaweza kumaanisha kizazi chote cha babu, na kwenye mazishi, watu wakiwa wengi na moyo umejaa, anaweza kumaanisha oret nzima na majirani juu. Simwiti mwongo. Nasema tu hotuba ya mazishi si kiapo.

Makaratasi yatakusaidia kidogo kuliko unavyotarajia. Usajili wa lazima wa vizazi na vifo ulienea Kenya nzima mwaka 1971 tu, kwa hiyo usipoteze siku kudai cheti cha mtu wa 1911. Hata huo mwaka 1911 ni wa kukadiria. Afisa alimtazama mzee usoni, au alimuuliza rika lake, akaandika. Chenye thamani zaidi kwenye kile kitambulisho ni maandishi madogo ambayo watu huyaruka: wilaya, tarafa na lokesheni. Nenda na hayo. Kama familia ilikuwa ya kanisa, uliza vitabu vya ubatizo vya misheni zilizokuwa karibu nao: Tenwek, Litein, Kaplong, kutegemea walisali wapi. Mashamba ya chai yalikuwa na madaftari ya wafanyakazi, na Nyaraka za Taifa pale Moi Avenue, Nairobi, zina mafaili ya wilaya ya Kericho, ila humo utakutana na machifu na kesi kuliko watu wa kawaida.

Kuna jambo moja ambalo watafutaji wa mjini huliona baadaye likawachanganya, afadhali ulijue mapema. Kwa Wakipsigis na Wanandi, mwanamke asiye na mtoto wa kiume aliweza kumwolea nyumba yake mwanamke mwenzake, na watoto wa yule aliyeolewa wakahesabiwa ni wa mume wa huyo mama, hata kama alishakufa. Ni wana wa boma, wanarithi, wanazika na kuzikwa, hakuna anayewanyooshea kidole. Kipimo cha mate kutoka maabara hakiyajui hayo. Kwa hiyo kama siku moja mtapima vinasaba, amueni kwanza mnatafuta nini, damu au boma, maana majibu yanaweza kutofautiana na yote mawili yakawa kweli. Na kipimo hakitakupa jina la Kiprugut kutoka hewani. Ni lazima mtu wa upande wake apime kwa hiari yake, na hilo si la kuombwa na mgeni kwenye simu.

Mama yako ana hofu ya shamba, na hofu yake ina akili. Mtu akitokea Mombasa na daftari akiuliza babu alikuwa na wake wangapi, wenye ardhi wanahesabu mipaka. Ondoa hilo mapema. Unapofika, sema mbele ya watu kwamba umekuja kuandika majina ya wazee kwa ajili ya watoto wako, kwamba mama yako aliolewa, mahari ilikwisha, na huna dai. Mwache mjomba mkubwa aliyebaki awe ndiye anayekutambulisha. Wewe kwao ni mtoto wa binti, una heshima ya pekee lakini huna kura. Daftari lako waachie nakala. Beba sukari na unga wa ngano, shuka la Kogo, na tafadhali usipeleke majani ya chai Kericho. Ukipewa mursik, maziwa yao ya mgando, kunywa.

Na familia ya marehemu Kiprugut iache kwanza. Ina msiba wake wa miaka michache tu na ina wageni wa kutosha. Utakapokuwa na Chumo wako mkononi, na oret, na majina ya kurenet, tuma mtu mzima wa upande wa mama akaulize kwa niaba yenu. Wakisema hatuwajui, shukuruni, mrudi nyumbani.

Nimebakiza binti. Tuchukulie kila kitu kimekuwa kweli: babu yake mama yako na Kiprugut ni wa baba mmoja, mama mbalimbali. Babu yako mzaa mama angekuwa na wastani wa asilimia 12.5 ya urithi unaolingana na wa mkimbiaji. Kila kizazi nusu inaondoka: mama yako 6.25, wewe kama 3, binti yako asilimia moja na nusu hivi. Asilimia moja na nusu haikimbii mita 800. Asilimia zilizobaki amezipata kwa watu ambao hamjawahi kuwataja, wakiwamo Wataita wa babu yake, ambao kupanda vilima vya Wundanyi hakujawahi kuwashinda. Mwambie afundishwe kukimbia mzunguko wa kwanza bila pupa. Kwenye michezo ya shule mimi nilikuwa naziona mita 800 zikipotea kwenye mita 200 za mwanzo, watoto wanatoka kama wamefukuzwa na nyuki, na kwenye kona ya mwisho wanatembea.

SWALI

Mwalimu, jina langu la mwisho ni Cheruiyot na nafanya kazi ofisini Nakuru. Wenzangu wananiita "Boston". Nimechoka kukana. Je, kina Cheruiyot tuna undugu au la?

*Mchovu wa Nakuru*

JIBU

Waulize wenzako: Boston ya Cheruiyot yupi? Robert Kipkoech Cheruiyot alishinda marathoni ya Boston, Marekani, mwaka 2003, kisha 2006, 2007 na 2008. Mwaka 2010 ikashindwa na Robert Kiprono Cheruiyot kwa saa 2:05:52, akaivunja rekodi ya njia ile iliyowekwa na Robert wa kwanza. Robert wawili, Cheruiyot wawili, mji mmoja, barabara moja, na hawana undugu. Ukiwaongeza Vivian, dhahabu ya mita 5,000 Rio 2016, na Timothy, bingwa wa dunia wa mita 1,500 Doha 2019, umepata timu, hujapata ukoo.

Majina ya Kip na Chep mengi yanaeleza saa, hali ya hewa au shughuli iliyokuwapo mtoto alipozaliwa. Eliud Kipchoge na Kipchoge Keino wote ni wa Nandi, wote wana dhahabu za Olimpiki, na bado mmoja si mtoto wala mpwa wa mwenzake, ingawa kila mwaka kuna mtu wa kubishana nami juu ya hilo kwenye matatu.

Kukana acha. Wakikuita Boston, itika, uwatume wakuletee chai.

SWALI

Mwalimu, wazazi wangu ni Wagoa, watu wa asili ya Goa, India, waliozaliwa Mombasa wakahamia Kanada. Kiswahili changu ni cha nyumbani, unisamehe. Marehemu nyanya alikuwa akisema Seraphino Antao ni binamu yake na kwamba walikaa jirani Makadara. Hapa Toronto hakuna anayemjua. Nianzie wapi?

*Mjukuu wa Makadara, Toronto*

JIBU

Kiswahili chako ni kizuri kuliko cha wanafunzi wangu wengi.

Usikubali watu wa huko wakuambie hawamjui Antao. Alizaliwa Mombasa mwaka 1937, na mwaka 1962 mjini Perth, kwenye michezo ya Jumuiya ya Madola, alishinda yadi 100 na yadi 220. Ndizo dhahabu za kwanza za Kenya katika michezo hiyo, na zilitokana na mbio fupi, kwa kijana wa pwani, pasipo mwinuko wa Iten wala maziwa ya mursik. Tokyo 1964, michezo ileile ya Kiprugut, yeye ndiye aliyebeba bendera ya Kenya. Baadaye alihamia Uingereza, akafariki London mwaka 2011.

Wewe una bahati ambayo Mama Wawili hana: watu wenu waliandikwa. Kitabu cha ubatizo cha Kikatoliki kinataja mtoto, baba, mama na wasimamizi, na pambizoni mara nyingi ndoa yake imeongezwa miaka mingi baadaye, pamoja na mahali ilipofungwa. Soma wasimamizi kwa makini. Watu walimwomba ndugu asimamie, hivyo binamu huonekana pale kabla hajaonekana kwingine. Andikia Kanisa Kuu la Roho Mtakatifu, Mombasa, uwape jina kamili la nyanya, majina ya wazazi wake na mwaka unaoukadiria. Wape muda, karani ni mmoja na vitabu ni vizito.

Kitabu kikikupa kijiji cha Goa, nenda kwenye parokia ya kijiji hicho. Huko kuna vitabu vya zamani zaidi, na vijiji vingi vina orodha za jumuiya ya ardhi zinazotaja wanaume wa familia za asili, mwana baada ya baba. Jihadhari na jina lenyewe. Majina ya Kireno waligawiwa watu wakati wa kubatizwa, mara nyingi kwa jina la padri au la msimamizi, kwa hiyo kina Antao wa vijiji viwili wanaweza kuwa hawana damu moja hata tone. Kijiji ndicho kinachosema.

Na "binamu" ya nyanya yako ipime. Kwa Wagoa wa Mombasa waliokuwa mtaa mmoja, kanisa moja na klabu moja, binamu aliweza kuwa mtoto wa shangazi, mtoto wa msimamizi wake wa ubatizo, au kijana wa nyumba ya pili waliyekuwa wakigombana naye kwa sababu ya embe. Uliza kwanza wazee wenu walioko hapohapo Toronto. Wengi wa waliokulia Makadara miaka ya 1950 wako kwenu sasa kuliko Mombasa, na hao hawasubiri karani.